BUSTANI YA NYUMBANI: Mawe Yaliyo Hai, na Chungu Kimoja kwa Wote

Mwezi uliopita tuliahidi kwamba katika ukurasa huu tutaandika habari za kuhifadhi mbegu za maharage zisiharibiwe na fukusi. Ahadi hiyo hatukuisahau. Lakini imetujia barua kutoka Terrat, upande wa kusini wa mji wa Arusha, na jambo lililomo halifai kuwekwa. Maharage yataweza kungoja mwezi mmoja. Jambo hili, kama mtakavyoona, haliwezi.

Aliyeandika ni mwalimu. Jina lake hatulitaji, wala la shule yake, na sababu mtaiona mbele. Habari yake kwa ufupi ndiyo hii. Miaka 4 iliyopita rafiki yake alimletea mbegu za ile mimea ya Afrika ya Kusini iliyo na sura ya mawe. Zilikuwa ndogo kama chembe za ugoro. Akazipanda katika visahani, kila aina mbali, akazitunza kwa subira kubwa. Mwezi wa Juni wa mwaka jana, alipoona miche imekwisha kupata ukubwa wa kucha ya kidole gumba na kuzidi, aliona vema kuikusanya yote katika chungu kimoja kipana, akakiweka dirishani mwa darasa ili watoto wajifunze. Akapanga lithopsi 4, konofitumu 3, titanopsi 2, na pleospilo 1 katikati. Kisha akamchagua kijana mmoja wa darasa la tano, akampa kikombe cha bati, akamwagiza kila Ijumaa kabla ya kwenda kwao atie kikombe kimoja cha maji, asipunguze wala asizidishe.

Mwezi wa Septemba lithopsi 3 katika zile 4 zikalainika, zikapasuka, zikaoza. Mwalimu akamkemea kijana kwamba amezidisha maji. Mwisho wa Novemba konofitumu zote zikasinyaa, zikafunikwa na ngozi kavu ya rangi ya kahawia, mfano wa karatasi. Mwalimu akadhani kijana amekasirika kwa sababu ya kukemewa, naye ameacha kutia maji makusudi. Kijana akajibu kwamba hakuacha hata Ijumaa moja, hata wakati wa likizo alikuja, maana kwao si mbali. Hakusadikiwa. Mwalimu alizing'oa konofitumu, ambazo asema zilikuwa "zimekauka, ngumu kama kokwa," akazitupa jalalani; akamnyang'anya kijana kikombe mbele ya wenziwe, akamwita mvivu tena mwongo.

Mwisho wa barua auliza: "Nifanyeje ili mimea hii ya aina nyingi ikae pamoja katika chungu kimoja?" Na katika mstari mmoja tu aongeza kwamba kijana yule, tangu shule ilipofunguliwa mwezi wa Januari, hajaonekana darasani.

Ndugu Mwalimu, swali ulilouliza ni la chungu, nasi tutalijibu kwa urefu, maana wako na wengine watakaofaidiwa nalo. Lakini katika barua yako mna swali la pili ambalo hukuliuliza, nalo ni hili: Je, kijana alisema kweli? Tuvumilie kidogo, maana jibu la swali la kwanza ndilo litakaloleta jibu la pili.

Kwanza yafaa wasomaji wasioijua mimea hii waambiwe habari zake. Mwaka wa 1811 Mwingereza mmoja, William Burchell, mtaalamu wa mimea, alikuwa akisafiri katika nchi kavu karibu na Prieska, Afrika ya Kusini. Akainama kuokota kitu alichodhani ni kijiwe cha sura ngeni. Alipokishika akaona ni mmea. Akaandika habari zake katika kitabu cha safari zake kilichotolewa mwaka wa 1822. Ikapita miaka 100 kamili, hata mwaka wa 1922 mtaalamu mwingine, N. E. Brown, akaipa mimea ya namna hiyo jina la lithopsi, neno lililotungwa kwa Kiyunani, maana yake "sura ya jiwe."

Lithopsi haina shina la kuonekana. Mwili wake wote ni majani 2 manene yaliyoungana, na katikati juu pana ufa mdogo. Ua lake, la manjano au jeupe, hutoka katika ufa huo. Kwao, sehemu kubwa ya mwili huzama mchangani, na uso wa juu tu ndio uonekanao, wenye rangi na mabaka ya kokoto zilizo kando yake, hata mnyama mwenye njaa na kiu hupita asiuone. Na kwa kuwa mwili umo chini, uso wa juu una sehemu zipitishazo nuru kama kioo cha dirisha. Nuru huingia kwa juu ikashuka ndani, ikazifikia sehemu za kijani zilizo chini ya ardhi, ndizo zifanyazo chakula cha mmea. Tena mmea huu hufungua vinyweleo vyake usiku kuvuta hewa, na mchana huvifunga, usipoteze maji katika jua.

Konofitumu ni ndogo zaidi. Mwili wake ni kama kifungo au moyo mdogo. Titanopsi jina lake lina maana ya "sura ya chokaa," kwa kuwa ncha za majani yake zina vipele kama mawe ya chokaa. Pleospilo ni "yenye madoa mengi," nayo ni kubwa kuliko hizo zote, kama jiwe lililopasuliwa vipande 2. Zote 4 ni za jamaa moja. Hata sisi tuna ndugu zao wa mbali: wakaao pwani huuona mmea mnene wa kijani utambaao mchangani karibu na bahari, wenye maua madogo ya rangi ya waridi, huo nao ni wa jamaa hiyo.

Basi hapa ndipo lilipoanzia kosa. Kwa kuwa mimea hii ni ya jamaa moja, tena yote ina sura ya mawe, mtu hudhani desturi zake ni moja. Sivyo. Watoto wa tumbo moja hawafanani tabia, sembuse wa jamaa moja waliokulia katika nchi mbalimbali.

Konofitumu nyingi hutoka Namaqualand, magharibi ya Afrika ya Kusini, ambako mvua hunyesha wakati wa baridi, na wakati wa joto nchi ni kavu kabisa. Lithopsi nyingi hutoka sehemu ambazo mvua kidogo hunyesha wakati wa joto au mwisho wake. Nchi ile nayo iko kusini ya ikweta kama sisi, kwa hiyo miezi yao ya baridi ni Juni, Julai na Agosti, kama kipupwe chetu cha Arusha. Sasa angalieni kila moja hufanya nini katika miezi hiyo.

Lithopsi ikiisha kutoa ua, huanza kuumba ndani ya mwili wake jozi mpya ya majani. Jozi hiyo hainywi maji ya ardhini; hunywa maji yaliyomo katika majani ya zamani, kama mtoto anyonyavyo kwa mamaye, hata yale ya zamani yakonde, yabaki ngozi tupu. Kazi hiyo huendelea wakati wote wa baridi. Mtu akimwagia maji wakati huo, majani ya zamani hujaa tena badala ya kukonda. Mapya nayo hukua ndani, yakakosa nafasi. Mwili hupasuka, na uozo huingia.

Konofitumu ni kinyume chake. Wakati wa baridi ndio wakati wake wa kukua na kunywa. Joto linapokuja, mwezi wa Novemba hata Februari, hulala. Mwili mpya hukaa ndani ya ngozi ya mwili wa zamani, na ngozi hiyo hukauka ikawa kama karatasi ya kahawia, ikaukinga mwili ulio ndani na jua, kama mchungaji aliyejifunika shuka adhuhuri chini ya mti. Asiyejua humwona amekufa. Kumbe amelala.

Sasa, ndugu Mwalimu, turudi katika chungu chako. Ulikipanda mwezi wa Juni, ukaamuru kikombe kimoja kila juma. Amri hiyo ilikuwa njema kwa konofitumu, maana ulikuwa wakati wake wa kunywa. Ndiyo sababu hukuwa na lawama juu yake mwezi wa Juni wala wa Septemba. Lakini kwa lithopsi amri hiyo ilikuwa hukumu ya kifo. Haikuhitaji hata tone moja mpaka majani ya zamani yakauke. Haikufa kwa kuwa kijana alizidisha kikombe. Ilikufa kwa kuwa alikitia kama alivyoagizwa.

Ikafika Novemba, konofitumu zikalala. Wewe ukasema, maji yamekatika. Lakini hebu mtazame shahidi aliyebaki katikati ya chungu. Waandika kwa furaha kwamba pleospilo yako "imestawi kupita zote, ina jozi 4 za majani." Walioilea mimea hii wanajua kwamba pleospilo haipasi kuwa na zaidi ya jozi 2, jozi mpya itokapo, ya zamani hunyonywa ikakauka. Ikiwa ina jozi 4, zote nene zimejaa, maana yake ni moja: imekunywa maji mengi kupita haja yake, mwezi baada ya mwezi, bila kukatizwa. Kama kijana angaliacha kutia maji tangu Septemba, jozi za chini zingalikonda. Udongo ni mmoja, chungu ni kimoja, kikombe ni kimoja. Haiwezekani pleospilo inywe na konofitumu iliyo kando yake ife kwa kiu.

Kwa hiyo chungu chenyewe chamshuhudia kijana. Alisema kweli. Hakuacha hata Ijumaa moja.

Na tena lipo neno lako mwenyewe, kwamba konofitumu zilipong'olewa zilikuwa ngumu kama kokwa. Mmea wa namna hii uliokufa kwa maji huwa laini, wa kupondeka. Uliokufa kwa kiu huwa ganda tupu, mwepesi, hauna kitu ndani. Ulio mgumu ndani ya ngozi yake u hai. Basi kama jalala lile halijachomwa moto, enendeni mkatafute leo. Yawezekana mvua za vuli zimekwisha kuziozesha; lakini yawezekana pia mojawapo imeangukia mahali pakavu. Mwezi huu wa Februari ukiisha, na jua likianza kupungua ukali, ndio wakati wao wa kuamka. Ukiipata iliyo ngumu, usiichune ngozi yake. Ipande katika changarawe kavu, ikae siku 5 au 6 kivulini, ndipo uitie maji kidogo. Mwili mpya utaipasua ngozi wenyewe.

Sasa tujibu swali la chungu, kwa faida ya wote.

Njia iliyo salama kupita zote ni kila aina kuwa na chombo chake. Lakini mtu apendaye kuziona pamoja aweza kufanya hivi: atwae chungu kipana, akijaze changarawe kavu, na ndani yake afukie vikopo vidogo vya plastiki vilivyotobolewa chini, midomo yake ifunikwe na kokoto zisionekane. Katika kila kikopo mna aina moja. Machoni mwa mgeni ni bustani moja ya mawe. Mkononi mwa mtunzaji kila mmoja hupata maji kwa wakati wake. Vikopo vya udongo havifai kwa kazi hii, kwa sababu hupitisha unyevu kutoka kimoja hata kingine.

Njia ya pili ni kupanda pamoja wale tu wenye majira mamoja. Lithopsi za aina mbalimbali hukaa pamoja vizuri, nazo zina rangi nyingi, za kijivu, za kahawia, nyekundu na za kijani, hata chungu kikapendeza bila kuchanganya jamaa nyingine. Titanopsi yaweza kuwa pamoja nazo, maana huvumilia ukame. Konofitumu zikae na konofitumu wenzake. Pleospilo ikae peke yake, kwa ukubwa wake na kwa ulafi wake.

Kwa majira ya huku kwetu, desturi iwe hivi. Lithopsi: tangu Oktoba, majani ya zamani yakiisha kukauka, itiwe maji mara moja kila majuma 2, ikiwa udongo umekauka kabisa. Januari na Februari, joto likizidi, isitiwe ila ikionyesha mikunjo ubavuni. Machi hata Mei itiwe tena kwa kiasi, mpaka ua linyauke. Kisha Juni, Julai, Agosti na Septemba isitiwe kitu. Konofitumu: tangu Machi hata Oktoba itiwe kidogo kila majuma 2, Novemba hata Februari iwekwe mahali penye kivuli chepesi, iachwe ilale, na kwa mwezi mzima kijiko kimoja tu kinatosha. Utiapo, loweka udongo wote maji yatoke chini, kisha uache ukauke. Kionjo cha kila Ijumaa hakifai kwa mmea wowote wa namna hii.

Lakini msiifuate kalenda kama kipofu afuatavyo fimbo. Huko Prieska tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka ni karibu saa 4. Hapa Arusha haipati hata nusu saa. Mimea huku hukosa alama hiyo, hufuata baridi na ukavu, na pengine majira yake husogea. Kwa hiyo tazameni mmea kwanza, ndipo mtazame mwezi. Mikunjo ubavuni ni kiu. Ulaini na rangi ya kung'aa kama mafuta ni maji kupita kiasi. Ngozi ya karatasi juu ya mwili mgumu ni usingizi.

Udongo uwe sehemu 3 za changarawe nyepesi ya mlima wa moto, ile nyeusi au nyekundu, na sehemu 1 ya udongo wa kawaida uliochekechwa. Udongo mweusi wa mbuga usitumike kabisa. Hushika maji kama sifongo, na ukikauka hupasuka ukakata mizizi. Chungu kiwe na kina cha sentimeta 10 au zaidi, maana mzizi hushuka chini, tena kiwe na tundu. Kiwekwe mahali penye jua la asubuhi, chini ya upenu wa paa, mvua ya masika isikifikie. Mimi mwenyewe niliwahi kuacha lithopsi 11 uani usiku mmoja wa Aprili, na siku zilizofuata zikafa zote. Nami kwa muda mrefu niliilaumu mbegu.

Na maji yawe ya mvua, yaliyokingwa kwenye bati. Maji ya chemchemi na visima vingi vya pande za Mlima Meru yana magadi, nayo huacha chokochoko nyeupe juu ya udongo na kuzuia mizizi. Pia yana floridi nyingi, ile itiayo meno ya watoto wetu rangi ya kahawia. Mgeni humwona mtoto mwenye meno hayo akadhani hapigi mswaki, kumbe kosa si la mtoto, ni la maji aliyokunywa meno yake yalipokuwa yakikua. Basi walimu wa nchi hii tuna sababu kupita wengine ya kuuliza habari za maji kabla ya kumlaumu mtoto.

Walimu wengine watasema, "Sisi hatuna mbegu za Afrika ya Kusini." Msihuzunike. Shubiri na ile katani ya mwitu ambayo Wamasai huiita oldupai hukaa pamoja katika chungu kimoja bila ugomvi, kwa sababu zote hunywa wakati wa mvua na kupumzika wakati wa kiangazi. Tena chipukizi zake hupatikana kando ya nyumba. Tena nchi yetu ina mawe yake yaliyo hai. Katika nyanda kavu za kaskazini ya Tanzania na kusini ya Kenya hukua mmea ambao wataalamu huuita adenia globosa: shina lake ni donge kubwa la kijani lenye vipele, kama jiwe lililovingirishwa, na juu yake matawi ya miiba. Wapelekeeni watoto wautazame hapo ulipo, wala wasiuguse utomvu wake, maana jamaa yake ina sumu.

Lakini msiuchimbe, wala msiruhusu watoto wachimbe kwa fedha ya mgeni. Huko Namaqualand, hasa tangu mwaka wa 2019, wezi wameng'oa konofitumu za porini kwa wingi mno, wakiziuza ng'ambo kwa watu wapendao mimea migeni. Na zipo aina ambazo kilima kimoja tu ndicho kwao, mtu mmoja mwenye gunia aweza kuzimaliza kwa siku moja. Kwa mapatano ya mataifa yaitwayo CITES, yaliyotiwa sahihi Washington mwaka wa 1973, shubiri za porini na jamaa ya mnyaa iliyo minene haziwezi kupelekwa nchi nyingine bila hati ya serikali. Apendaye mimea hii na apande mbegu, kama alivyofanya Mwalimu wetu. Subira yake ya miaka 4 ni ya kusifiwa, nasi twamsifu kwa moyo.

Na mbegu zenyewe zina somo zuri kwa darasa. Tunda la lithopsi likikauka ni kikasha kidogo kilichofungwa. Mwiteni mtoto mmoja adondoshe tone la maji juu yake. Kwa dakika chache litafunguka kama nyota, na likikauka litajifunga tena. Kwao matone ya mvua ndiyo hurusha mbegu nje, nazo hazitoki siku ya ukavu, zisije zikapotea bure.

Sasa, ndugu Mwalimu, limebaki swali la pili, nalo limekwisha kujibiwa. Ulimpa kijana amri, akaitii hata wakati wa likizo. Kutii kwake ndiko kulikoua lithopsi, na konofitumu ulizodhani zimekufa zilikuwa zimelala. Kwa kikombe kimoja ulimshitaki makosa 2 yapinganayo, kwanza kuzidisha, kisha kuacha, naye hakuwa na kosa hata moja. Wahenga walisema: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona kwa siku 3. Neno la "mwongo" lililosemwa mbele ya darasa zima haliponi kwa kunyamaza.

Hatukuandiki haya kwa kukudharau. Hukuijua desturi ya mimea hii, na kutojua si dhambi. Sisi nasi tumeyajua haya kwa kuua mimea mingi. Lakini sasa umekwisha kujua. Usimtume mtoto mwingine kumwita, wala usingoje arudi mwenyewe. Nenda kwao kwa miguu yako, ubishe hodi, uwaambie wazazi wake mbele yake kwamba alisema kweli. Na kwa kuwa alifedheheshwa mbele ya wenziwe, asafishwe mbele ya wenziwe. Kisha mpe kikombe chake, mwende pamoja mpaka jalalani mkazitafute zile zilizotupwa. Macho ya mtoto ni makali. Huenda ataziona kabla yako.

Tafadhali utuandikie mwezi ujao utuambie zimepatikana ngapi. Na hata kama haikupatikana hata moja, utuandikie kwamba kijana amerudi darasani. Habari hiyo ndiyo tunayoingojea zaidi.

Habari za maharage na fukusi, Mungu akipenda, mwezi wa Machi.

Wasalaam,
Mtunza Bustani wenu